Mwanafunzi hajalipa, anafukuzwa. Chuo hakijatoa hesabu, nani anakifukuza?

Vijana wenzetu, wanafunzi, na ninyi wazazi wenye munalipa,

Sesio ya mitihani inakaribia mu vyuo vingi, na kila mtu anajua kile kinakuja. Asubuhi apariteri atasimama ku mlango wa oditwari na liste mukononi. Mwenye jina lake haliko kati ya wale waliolipa, atatoka inje. Hataulizwa kama alifuata masomo mwaka muzima. Hataulizwa kama mama yake anauzisha makala na alikuwa amekwisha kufikisha robo tatu ya minervali. Anatoka, basi. Sheria hiyo inafuatwa bila huruma na bila kuchelewa hata siku moja.

Sasa tuangalie upande wa pili. Chuo chenye kilipokea minervali ya mwaka muzima na hakikufundisha masomo yote yaliyoandikwa ku programu, kinatoka ku mlango gani? Chuo chenye kilikata feza ya laboratwari mahali hakuna hata mikroskopi moja yenye kutumika, nani anasimama mbele yake na liste? Hakuna mtu.

Neno letu leo ni hili: adhabu iko upande mmoja. Hatusemi mwanafunzi asilipe. Tunasema kwamba sheria ya feza ya masomo yenye kumfunga mwenye kulipa peke yake, na kumwacha huru mwenye kupokea, haiko sheria. Ni kodi ya nguvu.

Feza yenye haina jina

Minervali, angalau, inabandikwa ku ukuta. Shida inaanza nyuma yake. Kuna feza ya kujiandikisha ku mitihani. Kuna feza ya silabusi. Kuna feza ya karte, ya maktaba, ya staji, ya kazi za mazoezi, ya kutetea kitabu cha mwisho. Kila moja iko na mukono wake wa kuipokea. Moja inapita ku banki na unapewa bordero. Ingine unaandikiwa ku kipande cha karatasi ya daftari. Ingine hauandikiwi kitu. Unaambiwa tu "nimekuona".

Kila mwaka wizara ya elimu ya juu inatoa instruksio yake ya mwaka wa masomo, na wizara imekwisha kukataza kulazimisha wanafunzi kununua silabusi. Lakini ni nani kati yetu hajasikia liste ya "wale wenye hawajanunua silabusi" ikisomwa kwa sauti mbele ya oditwari nzima? Amri iko Kinshasa, silabusi iko mukononi mwa asistanti, na katikati yao hakuna mtu mwenye kazi yake ni kuangalia.

Mwenye kuuliza "resi iko wapi?" anajulikana haraka. Jina lake linabaki mu kichwa cha mtu mwenye ataandika pointi zake. Na dada zetu wanajua zaidi: mahali pointi inaweza kulipwa na feza, siku ingine itaombwa kwa njia ingine. Watu wanapenda kutenganisha mambo haya mbili, rushwa ya feza na rushwa ya ngono. Kwetu ni nyumba moja yenye milango mbili, na ufunguo ni huohuo: mtu mmoja mwenye kupanga bei, kupokea, na kutoa pointi, bila wa kumuuliza.

Tumetoka wapi

Vijana wengi wanafikiri ilikuwa vile tangu zamani. Hapana. Kati ya wazazi wetu kuna wenye walisoma na burse ya Leta. Haikuanguka kutoka mbinguni. Tarehe 4 mwezi wa sita 1969, wanafunzi wa Lovanium walitembea mu Kinshasa kudai burse ya kutosha na kuwa na sauti mu uongozi wa chuo chao. Waaskari wakawapiga risasi. Mu 1971, wakati wenzao walitaka kuwakumbuka wafu wao, Mobutu akawaingiza mu jeshi kwa nguvu, na mu mwezi wa nane mwaka uleule akaunganisha vyuo vyote kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA, ili avishike vizuri.

Burse ilipungua, ikawa hadisi. Leo Katiba, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure mu shule za Leta, na tangu mwezi wa tisa 2019 Leta ilianza kuitekeleza. Ni jambo zuri. Lakini inaishia pale. Mtoto mwenye alisoma bure darasa la kwanza mpaka la sita, akifika iniversite anakutana na ukuta. Kuna burse ya Excellentia, yenye fondasio ya mke wa Rais inatoa kwa watoto wenye walifanya vizuri sana ku Exetat. Tunapongeza wale watoto, walistahili. Lakini zawadi haiko haki. Zawadi inategemea mkono wa mwenye kutoa. Haki unaweza kuidai hata kama mwenye kutoa hakupendi.

Na kila mara wanafunzi wanauliza, jibu ni lilelile. Mwezi wa kwanza 2020, wanafunzi wa Université de Kinshasa walisimama kwa sababu malipo yalikuwa yamepandishwa. Fujo ikaingia, polisi wakaingia, damu ikamwangika, kampusi ikafungwa, na wenye walikuwa wanalala pale wakafukuzwa. Swali la "feza inaenda wapi?" likabaki palepale.

Chuo kinaweza kufungwa na sheria

Watu watasema haiwezekani kufunga chuo kwa sheria ya feza. Inawezekana. Tuangalie Marekani, hata kama kule haiko paradiso: vijana wa kule wanabeba deni la masomo mpaka uzee. Tunaiangalia kwa sababu ya kitu kimoja: kule sheria inakamata chuo chenyewe.

Tangu sheria ya 1965 yenye Rais Johnson alitia sahihi, serikali kuu ya Marekani inasaidia wanafunzi kulipa masomo. Mwanafunzi wa familia maskini anaweza kupata msaada unaoitwa Pell, wenye haurudishwi. Kwa mwaka wa masomo 2024–2025 ulikuwa unafika mpaka dola 7 395. Wengine wanakopa. Feza inapitia ku chuo. Lakini mbele chuo kiguse hata dola moja, kinatia sahihi mapatano na wizara ya elimu, na mu mapatano hayo kinajifunga.

Kinajifunga namna gani? Tuchukue mambo machache yenye kila mwanafunzi wa Congo ataelewa mara moja. Mtu mwenye anakubali msaada wa mwanafunzi hawezi kuwa mtu yuleyule mwenye anatoa feza. Ni kazi za watu wawili, mu biro mbili. Kama msaada umezidi malipo ya chuo na kumebaki kitu, chuo kina siku 14 za kumpa mwanafunzi kile kinachobaki. Kama mwanafunzi aliacha masomo mbele ya kufika 60% ya muhula, chuo kinapiga hesabu ya siku alizosoma, na sehemu yenye haikutumika inarudishwa ku serikali kwa siku 45. Tangu 1992 imekatazwa kumlipa mtu mwenye kutafutia chuo wanafunzi kufuatana na hesabu ya vichwa alivyoleta. Kila mwaka mkaguzi wa inje anafungua vitabu. Na kama wengi sana kati ya wenye walisomea pale wanashindwa kulipa deni lao, 30% kwa miaka tatu mfululizo ao 40% kwa mwaka mmoja, chuo kinaweza kukatiwa bomba la feza.

Musome tena orodha hiyo. Hakuna mahali mwanafunzi anafukuzwa. Kila mara mwenye kuulizwa ni chuo.

Lakini sheria peke yake haitoshi

Kuna kampuni moja ya kule, Corinthian Colleges, yenye ilikuwa na kampusi zaidi ya 100, na majina kama Everest na Heald. Iliishi kwa feza ya msaada wa wanafunzi. Nyaraka zake za ndani, zenye mwendesha mashtaka wa jimbo la California alizileta mbele ya tribinali kuanzia 2013, zilieleza wanafunzi wenye ilikuwa inawatafuta: watu wapweke, wasiokuwa na subira, wenye hawajiamini. Iliwaambia kwamba wengi wa wenye kumaliza pale wanapata kazi. Ilikuwa uongo. Kuna mahali ililipa makampuni yachukue wahitimu kwa muda mufupi, ili hesabu ya "wenye kupata kazi" ipande.

Sheria zote zenye tumetaja zilikuwa ziko. Wakaguzi walikuwa wako. Na bado feza ilitembea miaka mingi. Mpaka mu 2014 wizara iliomba hesabu za wenye kupata kazi, kampuni haikuzitoa vizuri, na wizara ikachelewesha feza yake kwa siku 21. Siku 21 tu, na kampuni ya dola mamilioni ikaanza kuanguka. Mwezi wa nne 2015 wizara iliipiga Heald faini ya karibu dola milioni 30, na siku chache nyuma kampusi 28 zenye zilibaki zikafungwa. Wanafunzi 16 000 wakajikuta inje.

Hapa njo mahali tunataka mukae kidogo. Mbele chuo kifungwe, mwezi wa pili 2015, vijana 15 wenye walisoma Everest walitangaza wazi: hatutalipa hili deni, kwa sababu tulidanganywa. Watu 15! Watu waliwacheka. Nyuma yao wakakuja mamia, wakakaa meza moja na wakubwa wa wizara, wakaandika maombi, maelfu kwa maelfu, kila mtu na karatasi zake. Ilichukua miaka saba. Mwezi wa sita 2022 serikali ya Marekani ilifuta deni lote lenye lilibaki la wenye walisoma Corinthian: watu 560 000, dola bilioni 5,8.

Sheria iliwapa mahali pa kukamata. Lakini wenye walikamata ni wao. Bila sheria wangekuwa paka makelele. Bila wao sheria ingekuwa paka karatasi.

"Lakini Leta haitupatie kitu"

Tunajua wakuu wa vyuo watajibu nini, na haiko jibu la mchezo. Watasema: kule serikali inatoa feza, njo maana ina haki ya kuuliza. Huku feza ya kuendesha chuo haifike, ao inafika kidogo na imechelewa. Maji, moto, mafuta ya jenereta, nyongeza ya mshahara wa walimu, yote inatoka ku minervali. Tukikatazwa kukata feza, tutafunga milango.

Kuna ukweli ndani. Leta yenye inatoa kidogo inajifanya haioni, kwa sababu ikifungua macho itaombwa kutoa. Ni mapatano ya kimya kimya: "mimi sikupatie, wewe ujitafutie, na mimi sitakuuliza." Njo article 15 imeingia mpaka mu biro ya rekta. Tunalaumu Leta mbele ya kulaumu chuo, na tunaomba wale walimu wenye hawapokei mshahara wao vizuri wasimame na sisi, maana feza yenye haionekani haiwafikie wao pia.

Lakini jibu hilo linasahau mtu mmoja. Haki ya kuuliza inatoka kwa mwenye kulipa. Kama Marekani serikali inalipa, serikali inauliza. Kwetu mwenye kulipa ni mama wa makala, ni motari, ni likelemba ya familia, ni kaka mwenye aliacha masomo ili mdogo wake aendelee. Basi wao njo wenye haki ya kuuliza. Na kama minervali inanunua mafuta ya jenereta, vizuri sana: muandike "mafuta ya jenereta" na bei yake, mubandike ku ukuta. Mwenye hana kitu cha kuficha hataogopa gundi.

Tunadai nini

Moja. Kila chuo cha Leta kibandike ku lango na ku intaneti, mbele mwaka wa masomo uanze, liste moja ya malipo yote. Malipo yenye hayako ku liste hiyo hayadaiwi kwa mtu yeyote.

Mbili. Hakuna feza ya mukononi. Kila malipo yapitie ku banki ao ku telefone, na mwanafunzi abaki na bordero ao mesaji. Mu Goma na Bukavu, banki zilipofunga mwanzo wa 2025, watu waliona: mahali banki haiko, telefone inatosha kuacha alama. Kukosa banki haiko sababu ya kukosa resi.

Tatu. Mwenye kupanga bei asiwe mwenye kupokea, na mwenye kupokea asiwe mwenye kutoa pointi.

Ine. Somo lenye lililipwa na halikufundishwa, feza yake irudi ao ihesabiwe ku mwaka unaofuata. Mwanafunzi mwenye alikimbia vita katikati ya mwaka asilipishwe mwaka uleule mara mbili.

Tano. Hakuna mtu kutolewa mu oditwari siku ya mtihani kama iko na mapatano ya maandishi ya kulipa kidogo kidogo, na kila chuo kiwe na mahali pa kutia sahihi mapatano hayo.

Sita. Kila mwaka chuo kitangaze hesabu: feza yenye iliingia, yenye ilitoka, na kwa kazi gani. Katiba, kifungu cha 180, inaipa Kour de Konti kazi ya kuangalia mashirika ya Leta. Tunaiomba ianze na vyuo, na itangaze kile inaona.

Saba. Wabunge waandike sheria ya burse yenye mtoto wa maskini anaweza kuidai kwa jina lake, na yenye adhabu kwa chuo chenye kinaila.

Kazi yetu, kuanzia leo

Hatungojei waamke. Tafuta bordero zako zote, tangu mwaka wa kwanza mpaka ule umefika. Zipige picha. Piga picha pia ya liste ya malipo yenye imebandikwa mu chuo chako, na uandike ku daftari malipo yenye umeombwa na hayako ku liste: tarehe, kiasi, ilikuwa ya nini, ulipewa resi ao hapana. Usiweke jina la mtu ku mitandao. Hatutafuti kumpaka mtu matope. Tunatafuta kuonyesha namna mashine inatembea. Mwenye ataweka jina bila ushahidi atakuwa amewapatia wao sababu ya kutufunga sisi.

Sisi wenye tumekwisha kumaliza na tuko mashomeri, musifikiri jambo hili limetupita. Diploma yenye iko mu sanduku ililipwa na mtu. Bordero za zamani ni ushahidi sawasawa na za leo, na sisi hatuogopi tena kunyimwa pointi. Tutangulie mbele, wadogo zetu watufuate.

Kikundi cha kila muji kitakusanya karatasi hizo na kuandika petisio. Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema kila Mcongo anaweza kuandikia mukubwa wa Leta petisio, peke yake ao pamoja na wengine, na mukubwa huyo anajibu ndani ya miezi tatu. Kinasema tena kwamba hakuna mtu wa kushitakiwa kwa sababu aliandika petisio. Wasimamizi wa vikundi, mutembee na kifungu hicho mu mfuko. Mwenye atakuja kuwatisha, mumusomee polepole.

Miezi tatu tutaihesabu wazi, hapa hapa ku ukurasa huu, siku kwa siku, na jina la kila biro yenye ilipokea barua na haijajibu. Sisi pia tunajua kusimama ku mlango na liste.